Kumi na Saba kwa Mchezo Mbovu

Baba yangu, Mwalimu wangu,

Wiki hii kijana mmoja amenipigia simu. Ana sauti laini ya mtu aliyefundishwa kuongea na wateja. Amesema yeye na wenzake wametengeneza mchezo wa kwenye simu, wamesikia kuna mama mmoja hapa Kigali anayecheza michezo na kuiandikia maoni mtandaoni, na wangependa niwape nyota tano. Nikamwambia mchezo wenyewe sijaucheza. Akacheka, akasema, "Ah, Mama, hiyo si shida! Nyota kwanza, kucheza tutaona."

Nilikata simu nikaenda kunawa mikono. Kweli, Baba, kwa sabuni, na sikuwa nimeshika kitu. Nilisikia kinyaa mpaka shingoni. Nilimtukana yule kijana peke yangu jikoni, nikamwita majina ambayo usingeyaruhusu nyumbani kwako, kisha nikanyamaza ghafla kwa sababu nilikukumbuka wewe. Nikaona sina haki ya kumtukana mtu yeyote kwa jambo hili kabla sijakuandikia.

Bila shaka unakikumbuka chumba cha Rajabu. Kilikuwa Biryogo, nyuma ya kibanda cha fundi viatu, mlango wa bati uliopakwa rangi ya kijani. Ni mwaka 1991 huo, mimi nina miaka kumi na mitatu. Ndani kulikuwa na televisheni tatu, mbili zisizo na rangi na moja ya rangi, na kila moja imeunganishwa na mashine ya michezo aliyoileta kutoka Bujumbura. Mabenchi yalikuwa ya mbao mbichi, yanararua sketi. Chumba kilinuka soksi, jasho na mafuta ya sambusa, kwa sababu wavulana walikuwa wakila huku wakicheza, na mafuta yote yaliishia kwenye maneti. Ndivyo tulivyokiita kile kidude cha kushikwa mikononi chenye vitufe. Kitufe cha kurukia kilikuwa kinanata. Ukikibonyeza kinabaki chini, lazima ukikwangue kwa ukucha, na kinachotoka chini ya ukucha heri usikitazame. Na bado nilikipenda kile chumba kuliko mahali pengine popote mjini.

Mama hakutaka kabisa. "Msichana kukaa na wahuni mbele ya televisheni! Watu watasema nini?" Alikutazama wewe akitegemea uniwakie. Wewe ulikuwa unasahihisha madaftari ya darasa la tano, ile biki nyekundu mkononi, na hukuinua hata kichwa. Uliniuliza tu, "Huko unafanya kazi gani?"

"Nacheza, Baba."

"Kucheza peke yake si kazi. Lete kaye mpya."

Nikaleta daftari, ukachukua rula, ukachora mistari. Vichwa vinne, kila kimoja pointi tano, jumla ishirini, kama mtihani wowote wa shule yenu. Mchezo unaeleweka? Una haki? Unachosha? Utaurudia? Nilikuuliza mchezo unakuwaje na haki, nawe ambaye hujawahi kushika maneti maishani mwako ukanijibu papo hapo: "Ukikufa mule ndani, kosa iko ya nani? Yako ao ya mashine? Kama iko yako, hiyo mchezo iko na haki. Kama iko ya mashine, unaibiwa." Nimesoma maoni ya watu wengi kuhusu michezo tangu wakati ule, Baba, ya watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, na sijaona aliyelisema vizuri zaidi.

Hayo ndiyo yalikuwa masharti. Niende kwa Rajabu mara mbili kwa wiki, nirudi kabla ya magharibi kwa sababu ya vizuizi vya askari, na kila mchezo niulete nyumbani ukiwa na pointi na maelezo. Kisha wewe unasahihisha maelezo yangu na kunipa mimi pointi zangu. Mama alisema sasa wagonjwa wako wawili nyumbani. Lakini alikuwa anasikiliza nilipokusomea, nilimwona.

Ile daftari ninaikumbuka ukurasa kwa ukurasa. Mchezo wa ndege za vita: "Ndege zote zinatoka upande mmoja, mtu akishajua anaweza kucheza akiwa anaongea na jirani. Tisa." Kaseti iliyoandikwa kwamba ina michezo mia: "Ni uongo. Ni michezo saba, imebadilishwa majina na rangi ya mbingu. Nne, na hizo nne ni za kuwaonea huruma." Mchezo wa mtu mwenye nyundo anayeruka juu ya mapaa, ambao niliupenda mno, niliupa kumi na nne. Kumi na nne ndiyo ilikuwa paa la nyumba yetu. Hukuwahi kumpa mwanafunzi zaidi ya hapo. Wazazi walikuja mpaka sebuleni kulalamika, na wewe uliwapa chai, ukawasikiliza vizuri, na mtoto akabaki na pointi zake zilezile. Mimi niliwahi kuandika tu kwamba mchezo fulani ni mbaya, ukanipigia mstari: "Mbaya namna gani? Hapa hujafanya kazi. 7/20."

Rajabu aliiona daftari siku moja nilipoisahau kwenye benchi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, shati wazi mpaka tumboni, anakuita rafiki kabla hajakujua jina. Akasoma, akapiga makofi, akamtaja Mungu. "Mana yangu! Huyu mutoto anasahihisha kama mwarimu!" Kuanzia hapo akaanza kunakili pointi zangu kwenye karatasi ngumu na kuzibandika ukutani, kila mchezo na namba yake. Wavulana wakaanza kusoma ukuta kabla ya kununua jetoni, kile kisarafu cha kuchezea nusu saa. Walikuja hata wa kutoka Kicukiro, kule upande wa Sonatubes, wamepita vizuizi na kadi zao za shule mfukoni, wanauliza mlangoni, "Ile ya Mwarimu iko na ngapi?" Hawakusema ya Sakina. Walisema ya Mwarimu, kwa sababu kila mtu alijua mimi ni binti wa nani na mkono wa nani unapitia zile karatasi. Sikulipa uzito neno hilo wakati ule. Nilivimba kichwa tu, nikatembea mle ndani kama mkaguzi wa elimu.

Halafu ikaja ile kaseti. Rajabu alirudi nayo kutoka Bujumbura imefungwa kwenye gazeti. Ilikuwa na karatasi ya rangi ya dhahabu, juu yake shujaa amepanda farasi mweupe, ameinua upanga. Alikuwa amewatangazia wateja wiki mbili nzima. Alinikalisha mbele ya televisheni ya rangi, mahali ambapo kwa kawaida walikaa wakubwa, akaniambia nianze mimi kabla ya wote.

Baba, ule mchezo ulikuwa uchafu. Samahani, najua utaniuliza uchafu namna gani. Farasi hakuwepo. Upanga haukuwepo. Kulikuwa na kijimtu chenye shati la njano kinachotembea barabarani, na ukibonyeza kuruka kinafikiri kwanza, kinaruka baadaye, kikiwa kimeshakufa. Mashimo yalikuua kabla hujayafikia. Muziki ulikuwa noti tano zinazorudia bila kupumzika, mpaka meno yanauma. Ukifika hatua ya pili unakuta ni hatua ya kwanza tena, imepakwa zambarau. Nilihesabu kichwani kwa vichwa vyako vinne: kueleweka, moja. Haki, sifuri. Kuchosha na kurudia, niuhurumie niupe mbili. Jumla tatu.

Nikamwambia Rajabu, "Ni tatu."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akachuchumaa karibu na benchi langu. Alinuka kitunguu. "Sakina, sikiliza, sha. Hii kaseti nimeitafuta sana. Weka kumi na saba. Mimi nitakupa hii tevé ya rangi, yako, kila siku unakuja, bila jetoni. Na soda." Nilimwambia Baba hatoi kumi na saba. Akasema, "Njo maana. Wataona iko kitu kikubwa."

Nakumbuka hiyo soda. Ilikuwa ya machungwa, ya moto, kwa sababu friji lake lilikuwa limekufa. Niliinywa yote. Nikachukua biki yangu, nikaandika kumi na saba, tena nikaweka na maelezo: kwamba picha ni nzuri, kwamba shujaa ana nguvu, kwamba mtu hachoki. Sikutishwa, Baba. Sikupigwa. Wengine wakisimulia ubaya wao wa utotoni husema walikuwa wadogo, hawakujua. Mimi nilijua. Nilifundishwa na wewe, kwa rula, nini ni haki na nini ni wizi, na niliuza hiyo elimu kwa soda ya moto na kioo cha rangi.

Niliomba usiuone ule ukurasa, lakini masharti ni masharti. Ulisoma mara mbili. Ukavua miwani, ukaifuta, ukasoma tena. Nilitegemea uniulize nguvu namna gani, uzuri namna gani. Badala yake ulitabasamu, tabasamu ambalo nilikuwa nimeliona mara chache sana. "Kumi na saba," ulisema. "Mimi sijaandika hii namba toka nianze kazi. Sakina, kitu kama hii, lazima nikione kwa macho yangu."

Nikasema umeme unakatikakatika siku hizi. Nikasema mabenchi ni machafu. Nikasema kuna vumbi, na wewe una kifua. Ulinijibu kwamba Alhamisi unatoka mapema.

Ulikuja baada ya alasiri. Umevaa koti la kufundishia, tai, kofia yako ya kufuma, na chaki bado iko kwenye mkono wa koti. Chumba kizima kilisimama. Wavulana waliokuwa wakitukanana wakageuka watoto wa madrasa. "Mwarimu, karibu! Mwarimu, kaa hapa!" Rajabu akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akaleta mto. Ulikaa kwenye benchi la televisheni ya rangi, magoti yamekuja juu kwa sababu benchi ni fupi, ukapokea maneti, ukaitazama. Ukatoa leso mfukoni ukaifuta, kitufe kimoja kimoja, polepole, na leso ilitoka kahawia. Ukaikunja upande mchafu ndani na kuirudisha mfukoni. Hakuna aliyecheka.

"Nibonyeze wapi?"

Nikakuonyesha. Kijimtu cha njano kikatembea hatua tatu kikafa.

"Nimekufa?"

"Eee, Baba."

"Lakini sijaanguka."

Ukaanza tena. Ukafa tena. Ulisogea mbele, ukaikaribia televisheni, ukijaribu kuelewa, kwa sababu mtoto wako ameandika kumi na saba na kwa hiyo kasoro lazima iko kwako. Hilo ndilo siwezi kulivumilia mpaka leo. Nusu saa nzima, mpaka saa ya mezani ya Rajabu ilipolia, ulikuwa unatafuta kosa lako. Uliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna namna nyingine ya kuruka. Uliniuliza farasi anatokea wapi. Nikasema mbele zaidi. Baba, nilikudanganya na pale pia, umbali wa mkono mmoja, huku jasho linakutoka chini ya kofia.

Rajabu hakukudai jetoni nyingine, ukaendelea, ukafika hatua ya pili. Ukaiona ile barabara ileile, ya zambarau. Vidole vyako vikasimama. Hukunigeukia mara moja. Uliitazama kwanza televisheni, ukautazama ukuta wenye zile karatasi, ukaitazama chupa ya soda iliyokuwa miguuni pangu. Ndipo ukanitazama mimi. Nikajua umeshamaliza kusahihisha.

Rajabu alikuwa amesimama mlangoni amejaza watu. "Enhe, Mwarimu! Mutoto amesema ukweri ao amesema uongo? Iko kumi na saba?"

Kulikuwa na wavulana wasiopungua ishirini mle ndani. Walikuwa wamenunua jetoni kwa ajili ya namba yangu, baadhi yao walikuwa wameshacheza, na nyuso zao zilikuwa zimekasirika. Ungesema tatu, wangenirarua. Kwa maneno, au vibaya zaidi. Na binti anayecheza michezo pale Biryogo alikuwa tayari na maadui wa kutosha.

Ukasimama. Ukaweka maneti juu ya mashine. Ukasema, kwa ile sauti yako ya darasani inayofika mpaka ukutani, "Iko kumi na saba."

Tulipanda kilima kwenda nyumbani. Pale kwenye kizuizi askari akaomba vitambulisho, ukatoa chako, ukasubiri, ukakirudisha mfukoni. Karibu na nyumbani ukaniambia Mama anataka maji mapema kesho. Hukunipiga. Hukunikataza kwenda kwa Rajabu. Hukuomba tena kuiona ile daftari, si wiki ile, si mwezi ule, si kamwe. Nilikuwa naiacha mezani karibu na madaftari ya wanafunzi wako, wazi, na asubuhi naikuta vilevile, haina doa jekundu hata moja. Nikaacha kuandika. Muda si mrefu nikaacha na kucheza, na Rajabu akampa kijana mwingine ile televisheni.

Ugonjwa wa sukari ukakuchukua mwaka wa tisini na tatu. Mwaka uliofuata, yalipotokea yaliyotokea, na baadaye tulipoanza kuhesabiana nani yupo na nani hayupo, majirani walimwambia Mama ana bahati, ana kaburi la kulifanyia usafi. Aliitikia eee, ni bahati. Wengi waliokuwa wakisoma pointi zangu ukutani hawana hata hilo. Kwa hiyo siwezi kuwazungukia mlango kwa mlango niwaambie ilikuwa tatu. Nimechelewa kwa wote.

Nimekuwa mtu mzima ninayecheza michezo, watu wananicheka, na ninaiandikia maoni kwa vichwa vyako vinne. Wananiambia mimi ni mkali, sina huruma. Hao hao wanatoa nyota tano kwa kila takataka, na chini wanaandika "nzuri sana," basi. Wananichefua. Lakini nimejichunguza, na najua huo ukali wangu unatoka wapi. Si uadilifu. Ni kujisikia mchafu, na kila mchezo mbovu ninaoupa pointi zake za kweli ni mimi najaribu kujisugua.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukujua kwamba nakijua.

Kama wiki mbili baada ya ile Alhamisi, nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua masufuria kwa majivu. Wewe na Mama mlikuwa uani, upande wa pili wa ukuta. Ulikuwa umerudi kutoka shule, hujavua hata koti. Mama alikuuliza kwa nini hutaki kula. Ukamwambia kwamba siku ile ulirudisha mtihani wa hesabu, na mvulana mmoja aliyepata nane aliinua mkono. Akasimama vizuri, kwa heshima, kama ulivyowafundisha. Akakuuliza mbele ya darasa zima: "Mwarimu, hii nane iko ya kweli, ao iko kama ile ya mchezo?"

Mama akasema, "Weee! Mtoto mdogo hivyo! Ukamjibu nini?"

"Nimechukua karatasi yake," ulisema.

Nilishika sufuria lisigonge. Nilisikia unavuta pumzi. Halafu ukasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, "Nimemwongeza pointi mbili. Anyamaze."

Nisamehe, Baba.

Binti yako,
Sakina